Vigumba vya Mwalimu

Makumbusho, Chumba cha Hifadhi
4 Machi

Baba, shikamoo.

Najua Mjomba ndiye anayekusomea, kwa hiyo shikamoo yake imo humu humu, mgawane.

Nina habari njema, kaa kitako. Vigumba vyako vimetolewa kabatini, vyote mia moja themanini na saba, pamoja na madaftari yako manne. Mkurugenzi amesema ukumbi wa chini ukimaliza kupakwa rangi, maonyesho ya kwanza yatakuwa ya ncha za mishale za mawe. Katikati ya ukumbi utakaa mkusanyo wa mwalimu wa shule ya msingi aliyeokota kila kimoja kwa mkono wake, kwenye kilima kimoja, kwa miaka kumi na tisa. Huyo ni wewe.

Kabla ya hapo lazima vikaguliwe. Amekuja mtaalamu wa zana za mawe, mama mfupi asiyecheka, anayetembea na kioo cha kukuzia shingoni kama wenzake wanavyovaa mkufu. Tumempa jina la Lenzi. Mimi siruhusiwi kusogea wakati vitu vya baba yangu vinakaguliwa, lakini nikiwa mezani kwangu namwona kupitia mlango wa kioo. Anaweka kigumba chini ya hadubini, anakitazama muda ambao mtu angemaliza sahani ya chakula, anaandika, anachukua kingine.

Jana aliniuliza ni nani mwingine aliyewahi kuvishika. Nikamwambia hakuna, ni Baba peke yake. Nikamweleza kwamba utotoni hata mimi ilibidi ninawe mikono mara mbili ndipo niruhusiwe kukaa karibu. Akaandika na hilo, akanipa karatasi nisaini.

Sasa anaomba ueleze kwa maneno yako jinsi ulivyokuwa ukitofautisha kigumba cha kale na cha kuigiza. Nafikiri anataka kukupima. Mpe darasa.

Na matone ya macho, unatiwa kila siku au mpaka mtu akumbuke?

Binti yako

*

Nyumbani
15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mjomba wako naye anasema marahaba, ingawa imebidi nimpigie kelele mara tatu. Baruti za machimbo zimemwachia sikio moja, la kushoto, nalo hufanya kazi likipenda. Basi ndiyo ofisi yetu hii: kipofu anasema, kiziwi anaandika. Ukikuta kosa ni la kwake.

Mwambie huyo Lenzi wenu aanze na ngozi. Jiwe likimegwa leo, pale lilipomegeka panang'aa kama jicho la samaki aliyevuliwa sasa hivi. Likikaa ardhini miaka elfu, ule mng'ao unakufa na jiwe linavaa utando. Kigumba cha kweli kimevaa utando huo sawasawa juu ya makovu yote ya kumegwa. Ukiona kovu moja limefifia na jirani yake linang'aa, kuna mtu amepita hapo juzi.

Kisha apitishe kidole ukingoni. Cha kale kimechoka, kinakwaruza tu. Kipya kinakata kama kigae cha chupa. Atazame na udongo: wa kweli umeingia kwenye nyufa ukaganda humo, wa kubandika unatoka kwa mate. Na atafute dalili ya madini. Watu wale walimega kwa pembe na kwa mawe. Mwigaji wa leo ana haraka, anatumia waya wa shaba, na shaba huacha vumbi ndani ya kovu, hulioni kwa jicho tupu.

Liko jingine ambalo hatalikuta kitabuni. Kitu cha kweli hakijitahidi. Aliyekichonga alikuwa na njaa, akishapata makali basi, anakwenda kuwinda. Mwigaji anatafuta uzuri.

Hayo nimeyasema mezani hapa miaka na miaka mpaka mjomba wako akayajua kuliko wanafunzi wangu wote.

Mwaka aliofariki mama yako mimi nilikuwa mtu wa kuchungulia kaburi. Wewe ulikuwa mdogo, sijui unakumbuka nini. Kilima kile ndicho kilichonirudisha. Sasa macho yamekwisha, lakini vile vitu vipo na vitatazamwa. Mtu akiniuliza nimefanya nini hapa duniani, nina jibu la uzito wa kilo mbili na nusu.

Matone natiwa.

Baba yako, Mwalimu

*(Haya ni yangu, hajui kama naandika. Mpwa wangu, huyo mtaalamu anatafuta nini hasa? Vitu vimekaa kabatini kwenu miaka kumi na mmoja na hakuna aliyeviuliza jina. Haviwezi kuwekwa tu kwenye kioo watu wakatazama? Mjomba.)*

*

Makumbusho
2 Aprili

Mjomba,

Barua hii ni yako peke yako. Kama Baba amesikia ukichana bahasha, mwambie ni ya chama cha wastaafu wa machimbo.

Lenzi amemaliza. Kati ya vigumba mia moja themanini na saba, mia moja themanini na vinne si vya kale. Thelathini na nane vina vumbi la shaba ndani ya makovu. Vingine vimemegwa kwa pembe, tena kwa ustadi, lakini udongo uliomo umeshikizwa na utomvu wa mti. Halafu kuna jiwe lenyewe. Ni gumegume la kijivu lenye mishipa myeupe, na kilimani kule halipo. Lipo kwenye machimbo, chini kabisa, kwenye mwamba uliofikiwa kwa baruti. Hakuna mwindaji wa kale aliyewahi kufika huko. Na vyote vimetoka kwenye mkono mmoja. Kila kimoja kimemaliziwa kwenye kona ya kushoto ya kitako, kama fundi cherehani anavyofunga uzi namna ileile nguo zote.

Vitatu ni vya kweli. Nilidhani vitatu hivyo vitamtetea Baba. Lenzi akasema mwongo hodari huanza na ukweli kidogo.

Ile barua ya Baba ya darasa nilimpelekea Lenzi mwenyewe, kwa majivuno. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema, "Mtu anayejua njia zote za kumkamata mwizi, ama ni polisi ama ni mwizi."

Na mimi ndiye niliyesema hakuna mwingine aliyevishika. Nimesaini.

Mjomba, umekaa naye nyumba moja tangu Mama afariki. Uliwahi kumwona akichonga? Nimeanza kumkumbuka Baba kwa namna nisiyoipenda: jinsi alivyokuwa akitembea, akasimama, akainama mahali ambapo mimi sikuona kitu, akaibuka na kigumba. Zamani nilikuwa nasema Baba ana jicho. Sasa sijui.

Niambie kweli hata kama ni chungu. Baba alivitengeneza?

Mpwa wako

*

Nyumbani
11 Aprili

Mpwa wangu,

Baba yako hajawahi kumdanganya mtu, hata mtoto anayelia. Ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo nikashindwa kuendelea siku mbili. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi sikuzaa, na nilificha.

Mama yako alikuwa dada yangu wa pekee. Nilikuja kumzika nikiwa na nguo za siku nne, nikakuta siwezi kuondoka. Mwalimu hali, haogi, shuleni haendi. Wewe una miaka sita, unakula kwa jirani. Siku moja akatoka bila kuaga, akapanda kilima, akarudi na vitu vitatu kwenye leso. Akala sahani nzima. Akatueleza habari za watu wa kale mpaka sauti ikamkauka. Basi kila Jumamosi ikawa kilima, na uso ukaanza kurudi kuwa wa mtu.

Miezi minane hakupata kingine. Nikamwona anarudi alikotoka. Asubuhi moja, saa nne, nilimkuta amekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, cha pili amekishika mkononi. Akasema, "Shemeji, kilima nacho kimekwisha."

Mimi nilikuwa mpasua mawe machimboni. Nikachukua waya mnene wa shaba, nikaufunga kwenye mpini wa tindo. Niliharibu mawe wiki tatu kabla halijatoka moja linalofanana na kitu. Nikaenda kuliweka korongoni yeye akiwa darasani, mahali ambapo mvua ilikuwa imekata udongo. Alilipata Jumamosi. Ungemwona, mpwa wangu. Alikuja mbio kama mtoto aliyetumwa dukani na chenji ikabaki.

Nilisema kimoja tu. Kisha nikasema viwili, kusiwe na shaka. Kila mwaka nilikusudia kuacha, na kila nikipunguza naona kile kiatu.

Na yeye ndiye aliyenifundisha. Alinieleza mezani kwamba shaba huacha vumbi, wiki ileile nikaitupa shaba nikatafuta pembe. Alipotaja udongo unaotoka kwa mate, nikatafuta utomvu. Alipotaja ukingo, nikavisugua kwenye mfuko wa mchanga. Akasema mwigaji anatafuta uzuri, nami nikajifunza kuchonga vibaya. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikiliza kama mimi.

Niliacha macho yake yalipofifia, kwa kuwa hakuweza tena kuviona chini. Siku alipoamua kuvikabidhi makumbusho nilimwomba tubaki navyo nyumbani. Hakukubali. Wewe ulikuwa umeajiriwa juzi tu, alitaka uwe na kitu cha kujivunia kazini.

Miaka yote hii niliogopa watamwita mjinga. Kwamba watamwita mwizi, hilo halikunijia.

Waambie ni mimi. Lakini yeye asijue. Nakuomba hayo mawili kwa pamoja, na najua hayaendi pamoja.

Mjomba wako

*

Makumbusho
20 Aprili

Mjomba,

Sijui nikuchukie kwa lipi, mengine yote yananizuia.

Nikiwa darasa la sita niliandika insha juu ya kigumba namba arobaini na moja, kile chenye kona iliyovunjika. Niliandika kwamba mwindaji alikosa shabaha, mshale ukagonga mwamba, akarudi kwa watoto wake mikono mitupu. Niliambiwa niisome mbele ya darasa zima. Ile ndiyo siku niliyoamua nitafanya kazi gani maishani. Kumbe kona ile uliivunja wewe, bila shaka kwa nyundo, ili kionekane kimeteseka.

Nimemwambia Lenzi. Hakunikemea. Alisema familia nyingi humtafuta mtu wa kubeba mzigo, hasa mzee asiye na jina la kuharibika. Ukija ukachonga mbele ya kamati ya ukaguzi, watatazama.

Mkurugenzi amemwandikia Baba barua rasmi, anatakiwa kujibu tuhuma. Itawafikia wiki mbili hizi. Wewe ndiye utakayeifungua. Sikuagizi uisome wala uifiche. Nimejaribu kukuagiza moja kati ya hayo, kalamu imekataa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Baba. Nimemwambia ukaguzi unaendelea vizuri, avute subira. Nimeandika "vizuri", Mjomba, kwa mkono wangu, huku najua. Msomee hivyo hivyo.

Mpwa wako

*

Nyumbani
9 Mei

Binti yangu,

Yako niliipata, na sasa ya Mkurugenzi nayo imefika. Nimemwambia mjomba wako anisomee mara mbili. Tarehe kumi na nne Juni, ukumbi wa chini, na jina langu juu ya mlango. La mlango sikulitegemea.

Nimemwita fundi anipunguzie suruali ya suti, nimekonda, sitaki kuingia ukumbini nimejishika kiunoni kama mwenye tumbo. Nimemwarifu na Mkuu wa Shule. Huyu nilimfundisha mimi, mbishi wa dawati la nyuma, leo anawakemea wabishi wenzake. Anataka kuja na wanafunzi, na amesema atawaandikia nyinyi wenyewe huko ili mpange.

Naomba jambo moja. Siku hiyo niruhusiwe kuvishika. Macho hayapo, lakini vidole vinavijua kimoja kimoja, kama mchungaji na mbuzi wake.

Baba yako, Mwalimu

*(Mpwa wangu, nilifungua bahasha nikaona "tuhuma", nikaona "kughushi", na yeye ameinua uso ananisubiri. Mdomo ulisema wenyewe. Tarehe niliitoa kwenye kalenda iliyo ukutani. Mlango sijui niliutoa wapi. Mjomba.)*

*

Makumbusho
18 Mei

Mjomba,

Mkuu wa Shule ameomba nafasi ya wanafunzi sitini. Barua yake ilipita kwa Mkurugenzi kabla ya kufika kwangu, naye amejibu siku ileile: hakuna maonyesho, mkusanyo unadhaniwa kughushiwa, mkusanyaji ameshaandikiwa na hajajibu. Mimi nimeona nakala tu. Yenyewe imekwishatumwa.

Mwambie Baba leo, kabla huyo mtu hajabisha hodi. Asikie kwako. Usingoje kupata maneno mazuri, hayapo.

Mpwa wako

*

Nyumbani
31 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako niliikuta posta Alhamisi. Mkuu wa Shule alikuwa amekwisha kuja Jumanne.

Alikaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai. Akasema, "Mwalimu, nimeandikiwa jambo, sijui nianzeje."

Baba yako akacheka. "Wewe hukuwahi kujua uanzeje. Anza katikati."

Akasoma. Ni mtu mwaminifu, hakuruka neno. Alipomaliza, Mwalimu alimwomba arudie pale pa mkusanyaji. Akarudia. Ndipo Mwalimu akageuza uso, si kwangu hasa, akaelekea dirishani ambako nilikuwa nimesimama kabla sijasogea.

"Shemeji," akasema, "ile barua ya Mkurugenzi ilisema nini?"

Mkuu wa Shule alichukua kofia yake akatoka. Nikamwambia baba yako yote, tangu kile kiatu. Nilisema kwa sauti kubwa, maana mimi mwenyewe sijisikii, nadhani na majirani wamepata habari kamili. Nilipofika mwisho akaanza kuniuliza kwa namba.

"Kumi na saba?"

"Changu."

"Sitini na mbili, kile kidogo?"

"Changu."

"Mia moja na nne?"

Kile alikiokota mvua ikimnyeshea, akaugua kifua mwezi mzima. Nikamwambia nacho changu. Aliuliza vingi, anavyo vyote kichwani. Nikamwambia namba moja, mbili na tatu ni zake, hizo ni za kweli kabisa, hata Lenzi amekubali.

Mwishoni akasema, "Miaka kumi na tisa ulikuwa ukinionea huruma."

Nikasema haikuwa huruma. Akasubiri niseme ilikuwa nini.

Tangu siku hiyo hajasema nami. Nampeleka msalani, anashika kiwiko changu. Namtia matone, anainua uso. Namwekea chakula, anakula nusu. Sauti hakuna. Kwa masikio yangu haya ningeweza kujidanganya kwamba anasema ila mimi ndiye sisikii, lakini namtazama midomo.

Nakuja huko tarehe saba. Mkuu wa Shule atakaa naye. Nitachonga mbele ya hao watu. Kumrudishia kilima siwezi, lakini kumtoa kwenye wizi nadhani naweza.

Mjomba wako

*

Makumbusho
27 Juni

Mjomba,

Nimepewa kumbukumbu za kikao. Nakunakilia kama zilivyo, ni haki yako kujua walivyoandika.

"Shemeji wa mkusanyaji alipewa mawe matano na vifaa alivyoomba. Mikono yake ilitetemeka tangu mwanzo. Jiwe la kwanza na la pili yalipasuka katikati. La tatu lilimponyoka. La nne lilitoa vipande visivyo na umbo. Katika la tano alijikata kidole, kikao kikasimamishwa. Kamati haikuridhika kwamba mtu huyu ana au aliwahi kuwa na uwezo anaodai, na inaheshimu nia yake ya kumsitiri ndugu yake."

Uliwaambia kwamba mkono umekufa ganzi kwa mtetemo wa mashine ya kutobolea mwamba uliyoitumia machimboni. Niliomba liandikwe. Wamesema hilo ni la daktari, si la kikao.

Uamuzi ni kwamba vigumba vimeghushiwa na mkusanyaji, au kwa kujua kwake. Havitatupwa. Vitawekwa kwenye trei za mafunzo ili wanafunzi wa vyuo wajifunze kutambua vya bandia. Vile vitatu vimeingizwa humo humo. Niliwauliza kwa nini, kama ni vya kweli. Lenzi alinijibu kwa upole, upole wake wa kwanza tangu aje: kigumba ambacho hakuna anayeaminika kusema kilitoka wapi kimebaki jiwe tu. Kuanzia Agosti, wa kuwafundisha hao wanafunzi kwa trei hizo ni mimi. Nilitafuta namna ya kukataa, lakini hapa hakuna mwingine anayevijua vizuri kama mimi.

Kuna jambo sikukwambia nilipokurudisha nyumbani. Ulipokwenda kuchota maji, Baba aliniuliza, "Ulijua lini?" Nikasema Aprili. Akauliza, "Kabla ya ile ya 'vizuri'?" Nikasema ndiyo, kabla. Akatikisa kichwa taratibu. Siku mbili zote nilizokaa hakuniuliza kingine, hata safari nimeionaje.

Umetoka kikaoni watu wote wakikuona mwongo mwenye moyo mzuri. Aliyekuamini, mbali na mimi, ni yule mmoja tu ambaye ungetamani asikuamini. Nilikuwa na hasira nawe. Sasa sijui imekwenda wapi, nayo ilikuwa afadhali.

Nimemwandikia Baba, karatasi imo ndani. Haina pambo. Nimemwambia walichoamua. Nimemwambia mimi najua hakughushi, na kwamba namwonea fahari, na kwamba nampenda. Msomee neno kwa neno.

Mpwa wako

*

Nyumbani
9 Julai

Mpwa wangu,

Nimemsomea. Niliweka kidole chini ya kila neno kama tulivyofundishwa shule, na pale ulipokosea herufi nilisoma na kosa lako.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akasema nami, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Hiyo imeandikwa na nani?"

Nikamwambia, binti yako.

"Sauti ni yako."

Nikamwambia ni yangu kwa sababu mimi ndiye ninayesoma. Akasema, "Pale waliposema nimeghushi naamini. Hakuna mtu ambaye angenitungia hilo. Lakini hapo mwishoni, pa kunionea fahari na kunipenda, ndivyo ambavyo wewe ungeandika."

Nilitoka nikaenda kumwita Mkuu wa Shule. Aliacha kazi zake akaja na viatu vya vumbi la chaki, akasoma karatasi ileile, maneno yaleyale. Mwalimu alimshukuru kwa heshima zote. Akasema, "Mmepatana vizuri." Mkuu wa Shule alitaka kuapa, mzee akamwambia asiape kwa kitu kidogo kama hicho, awahi wanafunzi.

Tulipobaki wawili alinyoosha mkono nikampa barua. Aliipapasa mbele na nyuma, polepole, kona hadi kona. Akaikunja mara nne akanirudishia. Akasema niiweke. Hakusema wapi.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo. Asubuhi namtoa nje kwenye kiti, jua likimfikia magotini namrudisha ndani. Anashika kiwiko. Ukija mwenyewe ukamwambia kwa mdomo wako sijui itakuwaje, maana alikuuliza ulijua lini, nawe ukamwambia kweli, kwamba uliandika "vizuri" huku unajua.

Uliza kazini kama watakupa ruhusa mwezi ujao. Kama hawatakupa, endelea kuandika. Nitamsomea kila moja. Uandike nini, hapo sina la kukwambia.

Mjomba wako